Kuku Wangu na Mkataba wa Chicago

Nyumbani kwangu neno "sawa" limepigwa marufuku. Ukiambiwa jambo hutakiwi kujibu "sawa", wala "haya", wala "nimesikia", wala ile "mmh" ambayo imeokoa ndoa nyingi katika nchi hii. Unatakiwa urudie ulichoambiwa, kisha usimame hapo hapo usubiri kuthibitishiwa kwamba umerudia vizuri. Chanzo ni mpwa wangu anayesomea urubani. Dada yangu alimleta kwetu Dar es Salaam akisema ni karibu na uwanja wa ndege, na kwa "karibu" alimaanisha nauli. Nilidhani tunampokea binti mmoja na begi lake. Kumbe begi lilikuwa na sheria ya anga ya dunia nzima.

Mtihani wake wa kwanza ni wa sheria hiyo. Kwa kuwa mimi ni mstaafu, na katika nyumba hii mstaafu ni mtu asiye na udhuru wowote, nimeteuliwa kushika daftari na kumuuliza maswali kila baada ya chakula cha usiku. Sikuomba. Nilikuwa naangalia taarifa ya habari.

Tulianza na kanuni za kupishana, nami nikajisemea kwamba hapo walau niko nyumbani, maana nimepanda magari ya mji huu tangu enzi za chai maharage. Swali: ndege mbili zikija uso kwa uso, nani anampisha mwenzake? Jibu: wote wawili, kila mmoja anageukia kulia kwake. Mimi ni mtu wa barabara za Tanzania, mikono yangu imefundishwa kukwepa kushoto. Kesho yake alfajiri tukakutana kwenye korido, yeye na chai, mimi na kanzu. Yeye akaenda kulia kwake kama Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linavyotaka, mimi nikaenda kushoto kwangu kama trafiki wanavyotaka. Chai ya moto haikujali nani ana sheria ipi. Nilipofoka, akaniambia kwa upole, "Mjomba, Kiambatisho cha Pili." Hakuna jibu la kumpa mtu aliyekumwagia chai akiwa na kiambatisho.

Ndege mbili zinapokatizana njia, anayemwona mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha. Usiku utajuaje? Ndege ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe mkiani. Basi ukiona nyekundu inakatiza mbele yako ikitokea kulia, ujue ni zamu yako kumpisha. Ukiona kijani ikitokea kushoto, endelea na safari, ila macho yasitoke kwake. Hilo nalikubali, ni akili safi, na sijui kwa nini lilihitaji kurasa zote zile.

Lakini kuna orodha ya wakubwa na wadogo iliyoninyima usingizi. Ndege yenye injini inapisha ndege isiyo na injini. Ndege isiyo na injini inapisha puto. Puto halimpishi mtu. Nikamwambia arudie, nikidhani ameshika karatasi juu chini. Akarudia. Yaani rubani anayetoka Arusha kwenda Seronera, amebeba abiria wenye haraka zao na dola zao, akikutana na puto la watalii linaloelea juu ya Serengeti, ni yeye anayekata kona. Kwa nini? Kwa sababu puto haliwezi. Linakwenda linakopelekwa na upepo, halina usukani wa kuonyesha hata adabu. Kule juu asiyejiweza ndiye mwenye haki. Huku chini nimesimama kwenye pundamilia na mkongojo wangu, nikasubiri kupishwa hadi jua likahama upande.

Na ndege mbili zikija kutua kwa pamoja, aliye chini zaidi ndiye anayetangulia. Mara hiyo hiyo sheria inaongeza kwamba aliye chini haruhusiwi kuitumia haki hiyo kumchomekea mwenzake aliyekwisha kujipanga kwenye hatua ya mwisho. Niliisoma sentensi hiyo mara ya pili kwa raha. Walioitunga walikaa wakamfikiria dereva wa daladala, wakamfungia mlango, na pengine hawajawahi hata kufika Mbagala.

Turudi kwenye "sawa", maana hilo ndilo linaloniuma. Rubani akipewa maelekezo na mwongoza ndege, kuna mambo ambayo lazima ayarudie kwa kinywa chake: ruhusa ya kuingia kwenye njia ya kurukia, ya kuikatiza, ya kuruka, ya kutua, namba ya njia yenyewe, kimo, uelekeo, kipimo cha kanieneo ya hewa cha kuwekea altimita, na namba nne za kuweka kwenye transponda. Mwongoza ndege naye anasikiliza, na rubani akikosea anamsahihisha. Nilipolalamika kwamba huu ni ukasuku, mpwa wangu alinifungulia ukurasa wa Tenerife, na hapo nikanyamaza.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa hicho cha Hispania, kulikuwa na ukungu mzito na msongamano wa ndege zilizohamishiwa hapo baada ya bomu kulipuka katika uwanja zilikokuwa zinakwenda. Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Nahodha wa KLM akaanza kuikimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa. Msaidizi wake akatamka redioni maneno yaliyoweza kueleweka kwamba wanaruka, au kwamba wako tu mahali pa kurukia. Mwongoza ndege akajibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Hiyo nyongeza haikusikika sawasawa, maana Pan Am nao walikuwa wanaita kwa wakati huo huo na sauti zikafutana. Walikufa watu 583. Tangu wakati huo neno la kuruka halitamkwi redioni ila pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa; nyakati nyingine zote watu husema "kuondoka". Na "OK" likapoteza heshima yake.

Kwa hiyo kanuni yenyewe siibishii. Ninachobishia ni kuitumia kwenye nyanya. Mke wangu ananituma sokoni: nyanya za elfu mbili, vitunguu nusu kilo, nazi mbili, na usininunulie dagaa wa juzi. Zamani nilisema "haya mama" nikaondoka zangu, na nikirudi na nazi moja nilikuwa na mlango wa kutokea: sikusikia. Sasa hivi, kabla sijavaa kandambili, sauti inatoka chumba cha uani: "Mjomba, rudia." Narudia. "Sahihi," anasema mke wangu, ambaye alilipenda somo hili kwa kasi isiyo ya kawaida. Ukishayarudia mambo mbele ya shahidi, nazi moja inakuwa kesi.

Nilifikiri nimepata mwanya katika neno "roja". Daftari linasema roja maana yake ni kwamba nimeupokea ujumbe wako wote wa mwisho. Basi. Halisemi nimekubali, halisemi nitafanya. Atakayefanya husema "wilko". Unaona neno lilivyo zuri? Miaka yote ya ndoa nimelitafuta bila kujua linaitwaje. Mke wangu akasema, "Geti linahitaji rangi." Nikajibu, "Roja." Akasema, "Na lile bomba la uani." "Roja." Nikaishi kama mfalme mpaka mpwa wangu aliponisikia nikiulizwa kama nitalipaka hilo geti Jumamosi. Kumbe roja hairuhusiwi kujibu swali linalotaka ndiyo au hapana, wala mahali unapotakiwa kurudia ulichoambiwa. Ni ama "afemu" ama "negativu". Sasa geti ni la bluu.

Kuhusu saa nitasema kwa uchungu. Marubani wa dunia nzima wanatumia saa moja, ile ya Greenwich, wanayoiita Zulu, ili wa Dar es Salaam na wa Muscat wasigombane. Nia ni njema. Mpwa wangu akabandika kwenye mlango wa friji: "Kuruka 0500". Mke wangu anafuata saa ya simu, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri akawasha taa zote na kuanza kukaanga maandazi. Mimi nafuata saa ya wazee wangu, nikaona 0500 ni saa tano, mtoto alale, ana muda. Mwenyewe alikuwa anamaanisha Zulu, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ni saa mbili asubuhi. Namba moja, asubuhi tatu, maandazi yamepoa. Nimependekeza kila karatasi kwenye friji iandikwe "asubuhi, jua likiwa juu ya mwembe". Pendekezo limepokelewa. Roja, aliniambia mpwa wangu.

Lugha ya redioni nayo! Mwongoza ndege katika mnara wa Dar es Salaam ni Mswahili, mpwa wangu ni Mswahili, wameachana mita mia kadhaa, lakini wanaongea Kiingereza tena cha kukatwakatwa, kwa kuwa katika hiyo hewa kuna Mturuki, Mhabeshi na Mholanzi nao wanasikiliza, na kila mmoja anatakiwa ajue mwenzake yuko wapi. Tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa anatakiwa afikie angalau daraja la nne katika Kiingereza hicho, na daraja la juu kabisa ni la sita. Herufi zina majina: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu. Ndege zetu zinaandikwa 5H mwanzoni, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, basi ukisikia "faifu hoteli" jua ni wa nyumbani. Ndiyo, tano ni "faifu", kwa makusudi, na tisa ni "naina", kwa sababu kwenye redio yenye mikwaruzo tano na tisa za Kiingereza zinafanana. Hapo niliwavulia kofia. Sisi tuna nne na nane, tunazitaja kwenye simu kila siku tukitumiana pesa, na hakuna aliyewahi kukaa mkutano hata mmoja juu ya jambo hilo. Jirani yangu aliwahi kumlipia ada mtoto wa mtu asiyemjua.

Pia kuna hali ya hatari, ambayo ina ngazi mbili. Kama uhai uko hatarini sasa hivi, unasema "meidei" mara tatu, na wengine wote kwenye masafa hayo wananyamaza. Kama jambo ni la haraka lakini halijafika huko, unasema "pani-pani", pia mara tatu. Baada ya hapo unajitaja wewe ni nani, una tatizo gani, unakusudia nini, uko wapi na kimo gani. Mke wangu aliuliza gesi kuisha maharage yakiwa nusu ni ngazi ipi. Mpwa wangu alifikiri kwa haki kabisa, akasema ni pani-pani, kwa sababu jiko la mkaa lipo. Na mama mkwe kufika getini bila taarifa? Nikajibu mimi, mara tatu. Hakuna aliyenyamaza kwenye masafa.

Redio ikifa kabisa, mnara unazungumza na ndege kwa taa. Kijani isiyomemeta kwa aliye angani: ruhusa, tua. Nyekundu isiyomemeta: mpishe mwenzako, endelea kuzunguka. Nyekundu inayomemeta: uwanja si salama, usitue. Naye rubani, mchana, anajibu kwa kutikisa mabawa. Mpwa wangu alipata tochi, akapata karatasi za rangi za kufungia zawadi, na tangu siku hiyo mimi, mwenye nyumba, nikitoka kwenye bao naangalia kwanza dirisha la jikoni. Kijani, naingia. Nyekundu ya kutulia maana yake wageni wa kikoba bado wapo sebuleni, nizunguke mtaa. Nyekundu ya kumemeta nimeshaizoea: kuna jambo langu limegundulika. Hapo huwa nageuza naenda kunywa kahawa kwa Mpemba wa kona, na nikiondoka natikisa mikono kidogo, ili waone nimepokea.

Kuna sentensi moja kwenye daftari inayosema rubani anayeruka kwa kuona kwa macho, chini ya futi 10,000, anatakiwa aone mbali walau kilomita 5, na akae mita 1,500 kutoka kwenye wingu kwa ubavuni na futi 1,000 kwa juu au chini. Mita na futi ndani ya pumzi moja! Mwendo unapimwa kwa noti, umbali kwa maili za baharini. Nikamuuliza nani anashika futi kamba kwenda kupima wingu. Akasema ni kwa kukadiria. Mtu aliyenikatalia kukadiria nazi.

Sasa nije kwenye kuku. Mtaa wetu uko chini ya njia ya ndege zinazoshuka, na nina banda la kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Kila likipita dege kubwa, jogoo anaacha shughuli zake na mitetea wanakimbilia pembeni. Nikaona kwa kuwa sheria imehamia kwangu, iniletee basi na faida. Nikamwambia mpwa wangu anitafutie kifungu kinachosema hewa iliyo juu ya kiwanja changu ni ya nani.

Alikipata haraka mno. Ni kifungu cha kwanza kabisa cha Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, sisi tukiwa bado chini ya Mwingereza: kila dola ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga iliyo juu ya nchi yake. Dola. Si mzee mwenye banda. Nikakumbuka kwamba madini yakipatikana chini ya kiwanja ni ya Jamhuri, na ardhi yenyewe ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, mimi nina hati tu yenye miaka yake. Kwa hiyo juu si kwangu, chini si kwangu, na hapa katikati nimekaribishwa.

Sikukata tamaa, kwa sababu daftari lilikuwa na mfugaji mwenzangu. Alikuwa North Carolina, Marekani, akiitwa Causby, na wakati wa vita ndege za jeshi zilikuwa zikipita hadi futi 83 juu ya ardhi yake. Kuku wake walikuwa wakishtuka wanajibamiza ukutani. Walikufa wapatao 150 hadi akaacha kufuga. Mwaka 1946 kesi ilifika Mahakama ya Juu. Majaji wakasema ile imani ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki hadi mbinguni haina nafasi tena, la sivyo kila safari ya ndege ingezaa kesi zisizohesabika. Hapo nilianza kukunja uso. Lakini wakaendelea: ndege zikipita chini sana na mara nyingi kiasi cha kumnyima mtu matumizi ya ardhi yake, serikali imeitwaa, na ilipe. Nikasimama. Nikaomba kalamu.

"Kaa, Mjomba," akasema. Kwanza, hukumu ya Marekani haiifungi mahakama ya hapa. Pili, zinazopita kwetu haziko futi 83. Tatu, kuku wangu hajafa hata mmoja, wameongezeka. Nikamwambia kuna kanuni ya kimo cha chini, nimemuuliza mwenyewe juzi: juu ya mji, ndege ikae angalau futi 1,000 kupita kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600, na kwingineko futi 500. Hawa wanaopita hapa hawana futi 1,000, mimi nasoma hata namba tumboni. Akaniomba niisome kanuni tangu mwanzo wake. Inaanza hivi: isipokuwa inapokuwa lazima kwa ajili ya kuruka au kutua. Hiyo "isipokuwa" ndiyo inayopita juu ya banda langu kila siku ya Mungu.

Mtihani ameufanya juzi na kufaulu, na tulichinja, kwa hiyo hoja yake kwamba kuku hawafi imeharibika kutoka upande mwingine. Nilidhani sasa nitarudishiwa taarifa ya habari. Kumbe masomo ya leseni ya rubani binafsi ni tisa, na tumemaliza moja. Kuna hali ya hewa, kuna urambazaji, kuna elimu ya ndege yenyewe na injini zake. Kuna na moja linaloitwa utendaji wa binadamu, linalohusu usingizi, uchovu, pombe, usikivu hafifu, na tabia ya mtu mzima kujiona anajua. Mke wangu ameomba hilo lianze wiki ijayo, lisomwe sebuleni kwa sauti, na mimi niwepo. Nimetakiwa kurudia.